Mrejesho: ini langu na kipimo cha MRI

Asalaam alaykum. Niliuliza hapa kama kuna haja ya kufanya MRI ya ini (picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa mashine ya sumaku), baada ya ultrasaundi huku Wete kuniambia "mafuta ya wastani" tu, bila namba. Nimeshafanya.

Boti hadi Unguja, kisha Dar. Hakuna sindano. Unavua hata pete, unalala, sauti inakwambia: "Vuta pumzi, toa, zuia." Kama sekunde 20 hivi, mashine inagonga mfano wa fundi anayekalafati jahazi. Mie mara ya kwanza nikakohoa, ikabidi turudie.

Mtaalamu akanifahamisha: haidrojeni ya kwenye maji na ya kwenye mafuta hazitikisiki kwa kasi moja, ndipo mashine inapozitenganisha na kukokotoa mafuta ni asilimia ngapi. Ultrasaundi hutazama mng'ao wa ini kwenye picha tu, mafuta yakiwa machache huyapita bila kuyaona. Na yule ndugu aliyeuliza kuhusu madini ya chuma: yakizidi kwenye ini huvuruga hesabu, ila programu hurekebisha.

Yangu ni 14%. Ini la kawaida halifiki hata 5%, au hapo hapo. Akachora viduara sehemu mbalimbali za ini kwenye picha, maana mafuta hayalingani kila pahala: kulia 15, kushoto 12. Makovu ya ini ni kipimo kingine, hiki hakiyapimi.

Bei imeniuma, sifichi. Aliyenishauri hapa nipunguze uzito kwanza, kabla ya kipimo, alikuwa na hoja. Lakini sasa nina namba ya kulinganisha. Halua nimeiaga, nayo naipita dukani kila jioni. Narudi kupima baada ya miezi sita, inshallah.