Filamu yetu ya chuo imegeukia kwenye editi, naombeni ushauri (niko Kisumu)

Kijana_wa_Ziwani (mwanzilishi wa uzi)
Habari za humu. Niko chuo, mwaka wa tatu. Kikundi chetu cha watu watano kinatengeneza filamu fupi ya taharuki, ndiyo mradi wa muhula. Inaonyeshwa Ijumaa. Tulichora storibodi (michoro ya kila shoti kabla ya kurekodi) ya picha 62 kwa penseli. Inaanza jua linachomoza juu ya ziwa pale Dunga, msichana anaokota simu ya marehemu kaka yake ndani ya mtumbwi, anaanza kufuatwa, mwisho anagundua aliyemuua kaka ni mjomba wao. Kwenye karatasi ilikuwa dakika 8.

Nilicho nacho sasa ni dakika 11, kikomo ni 10, na storibodi ukiiweka kando ya filamu utadhani ni za watu wawili wasiojuana. Siku ya kwanza ya kurekodi maji yalikuwa wazi. Siku ya tatu upepo ukaleta gugumaji, ufuo mzima kijani, mtumbwi hautoki. Anayeigiza mjomba akapata kibarua Siaya, hakurudi. Mbio za soko la Kibuye nilizichorea picha 19, zimebaki shoti nne za maana, maana kila mtu alikuwa anakodolea kamera macho. Kuna mama mmoja ananipungia mkono kwenye kila klipu. Hizo nne nimezirudiarudia na kuzipunguza mwendo mpaka zimejaza dakika mbili.

Mhadhiri anataka storibodi na filamu pamoja, na maelezo ya kila badiliko. Swali langu: nikate Kibuye au niache? Sipati usingizi.

Kamongo
Omera, mbio za shoti nne ni mtu anayewahi matatu. Kata.

MamaMbuta
Dunga upande wa wakaangaji samaki? Mlitoa chochote? Wanafunzi wanakuja hapa na kamera, mama usipite, mama usicheke, mama sogeza karai, halafu wanaagiza soda moja watu watano.

Fundi_Sauti
Niko Nakuru, kazi yangu ni sauti. Mwanafunzi, usiombe radhi kwa storibodi. Ulichora kabla hujaonana na upepo. Andika hivyo hivyo kwenye maelezo.

Shida yako ya maji wazi na maji ya kijani inatibika masikioni. Anzisha mlio wa injini ya boti sekunde mbili kabla picha haijabadilika. Sikio likishaamini, jicho litafuata. Mlirekodi ukimya wa mahali, hata sekunde 30 watu wote wamenyamaza? Kama hamkurekodi, rudi Dunga kesho na simu tu.

Na taharuki haitoki kwa kukimbia. Mwaka 1962 Alfred Hitchcock, mwongozaji wa filamu za taharuki, alimweleza mwongozaji mwenzake Mfaransa François Truffaut hivi: bomu likilipuka ghafla chini ya meza, watazamaji wanashtuka sekunde 15. Waonyeshe bomu mapema, watu waendelee na soga zao pale mezani, una dakika 15 za roho juu. Simu ya marehemu ndiyo bomu lako. Mtazamaji anaiona lini?

Swali moja lakini. Mjomba hakurudi. Sasa muuaji ni nani?

Kijana_wa_Ziwani
Asante fundi, ukimya hatukurekodi, nitarudi. Mwisho tuliubadilisha kidogo, ilibidi. Ila swali langu ni Kibuye.

Kamongo
Muuaji ni nani?

Kijana_wa_Ziwani
Sawa. Ni yule msichana.

Sikurekodi kitu kipya, nataka muelewe hilo. Nina shoti yake moja ya sekunde 9, amekaa ukingoni mwa mtumbwi anatazama maji. Siku ile nilimwambia amfikirie kaka yake. Kwenye storibodi inakuja baada ya simu, na unamwona ana majonzi. Saa nane usiku niliihamisha nikaiweka baada ya kasia lenye damu. Uso ni ule ule. Lakini sasa anahesabu kama kuna aliyemwona. Nywele zilinisimama.

WaMenengai
Hiyo mwongozaji filamu Mrusi Lev Kuleshov aliionyesha zaidi ya miaka 100 iliyopita. Uso mmoja wa mwigizaji, mara baada ya bakuli la supu, mara baada ya jeneza. Watu wakasifu anavyojua kuigiza njaa na huzuni. Hujavumbua kitu, ila umefanya vizuri.

Shangazi_Milimani
Na binti mwenyewe anajua yeye ndiye muuaji?

Kijana_wa_Ziwani
Atajua Ijumaa kama wengine. Alitia sahihi fomu. Mwigizaji hachagui editi.

Shangazi_Milimani
Kwa nini hujamwambia, mwanangu? Ni ujumbe wa dakika moja.

Kijana_wa_Ziwani
Hatuongei. Tuliachana siku ya pili ya kurekodi. Lakini hiyo haihusiani na editi kabisa.

Kamongo
😂😂😂 Siku ya tatu gugumaji. Ziwa lilijua.

Mwalimu_Mstaafu
Kijana, nimefundisha miaka 31. Chuki huvaa joho la sanaa. Je, mama wa huyo binti atakuwepo ukumbini?

Kijana_wa_Ziwani
Atakuwepo. Na wanakwaya wenzake. Lakini mwalimu, ukitazama filamu utaona mwisho huu ni bora!

HarusiSafi_Kakamega
Mimi nahariri video za harusi. Kuna ami wa bwana harusi alisahaulika kwenye editi, alikuwa ametoa ng'ombe wawili. Nilirudishiwa flashi mara tatu. Mara ya nne nikamweka baada ya keki, anatabasamu. Ukweli alikuwa anamtabasamia mpishi.

Polisi_wa_Nyuzi
Wakuu, mnachezewa. Rudini juu kabisa. "Jua linachomoza juu ya ziwa pale Dunga." Kisumu gani hiyo? Jua letu linachomoka upande wa Kano na milima ya Nandi. Ziwani huwa linazama. Huyu hajawahi kukanyaga Dunga. Simu ya marehemu, mjomba, mpenzi wa zamani, mama wa kwaya: hii ni skripti, anaijaribia kwetu.

Kamongo
Weeh. Kweli kabisa.

Kijana_wa_Ziwani
Tulirekodi machweo! Alfajiri hakuna aliyeamka. Nikaicheza klipu kinyumenyume ndipo jua likapanda. Hakuna aliyegundua isipokuwa fundi wetu wa sauti. Pembeni kushoto kuna moshi wa wakaangaji, unashuka kutoka hewani unaingia kwenye karai.

MamaMbuta
Huo ni moshi wangu. Kijana mrefu, kofia nyekundu, soda ya chungwa. Huyo yupo, nilimsogezea karai mimi mwenyewe.

Polisi_wa_Nyuzi
Na wewe MamaMbuta umejiunga lini humu? Bado nasema ni skripti.

Shangazi_Milimani
Skripti au si skripti, mpigie binti leo.

Kijana_wa_Ziwani (siku iliyofuata)
Nimempigia. Alikuwa anajua tangu wiki jana, fundi wetu wa sauti alimwonyesha kwenye simu. Kuwa muuaji hakumsumbui, anasema ndiyo sehemu pekee yenye akili. Mama yake atamwandaa mwenyewe. Kilichomuudhi ni kwamba nimetoa shoti ya kibandani, ile aliyolia kweli. Aliirudia mara sita mbu wakimla. Ni sekunde 40. Niitolee wapi nafasi?

Fundi_Sauti
Kibuye.

Kamongo
Nilisema tangu jana.

MamaMbuta
Na moshi wangu mnauachaje?