Walioapa kwamba seva ilichezewa 2022: wanatuamsha au wanatupoteza?

MwalimuNamba:
Wakuu habari za jioni. Wakati wa kampeni za Kenya 2022 shemeji yangu aliniingiza kwenye grupu moja la WhatsApp, sikutoka, nikawa nasoma tu kimyakimya. Watu wakapiga kura 9 Agosti, Chebukati, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi (IEBC), akatangaza tarehe 15 kwamba Ruto kamshinda Raila, Mahakama ya Juu ikaukubali ushindi huo 5 Septemba, majaji wote saba upande mmoja. Grupu halikufa. Mpaka leo wanaamini seva ya IEBC, ile kompyuta ya kupokea matokeo, ilichezewa, na kila habari ya siasa lazima ipitie kwenye seva hiyo kwanza ndiyo ieleweke. Naibu Rais Gachagua kaondolewa Oktoba 2024? Alikuwa karibu kutoboa siri ya seva. Watu wa Raila wamepewa uwaziri? Wamelipwa wasahau seva. Raila kakosa ule uenyekiti wa Tume ya Umoja wa Afrika? Alitumwa huko makusudi awe mbali na seva. Yaani hakuna habari inayoweza kutoka ikawapinga, ikikanushwa ni ushahidi, isipokanushwa ndiyo ushahidi zaidi.

Sasa siulizi kama walikosea, hilo kwangu lishapita. Nauliza, watu wa aina hii wana faida yoyote ya kutufanya tuwe macho, au ndio watafanya siku tukiibiwa kweli asitusikilize mtu? Karibuni, ila tujadili kwa data jamani, tusiwe kama majirani zetu Watanzania waliopima papai korona.

Kisu Butu:
Mwalimu umeanzia hadithi katikati makusudi. Anzia 2017. Msando aliyekuwa msimamizi wa teknolojia pale IEBC aliuawa siku chache kabla ya kura, mahakama ikaamuru seva zifunguliwe, IEBC ikafungua nusu nusu, na tarehe 1 Septemba Jaji Mkuu Maraga na wenzake wakafuta uchaguzi mzima wa rais, wanne kwa wawili. Kabla ya siku hiyo nyinyi wenye data mlikuwa mnatuita wendawazimu. Sasa mtu akilalamika mara moja na akathibitishwa alikuwa sahihi, mara ya pili unamwambia anyamaze?

Dalali Mstaafu:
Samahani mkuu, hilo papai limeingiaje kwenye mambo ya Kenya? Ninyi hamuwezi kuandika mistari kumi bila kuigusa Tanzania. Hayati Magufuli alikuwa mkemia, ana PhD ya kemia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitaka kujua kama vipimo vinasema kweli, akavijaribu. Hiyo ndiyo sayansi. Wewe umejaribu nini?

MwalimuNamba:
Dalali nilitania tu, turudi kwenye mada. Kisu Butu, 2017 nakubaliana na wewe kabisa, ila tazama kilichofanya kesi ile ishinde. Hawakwenda na sauti iliyorekodiwa WhatsApp, walikwenda na fomu zenye kasoro na tume iliyokataa amri ya mahakama. 2022 walikwenda na hadithi ya Mvenezuela aliyeingia kwenye seva.

Mama Zuhura:
Mwalimu usidharau, yule Mvenezuela alikuwepo. Si walikamatwa Wavenezuela watatu pale uwanja wa ndege wa Nairobi, JKIA, mwezi wa saba na stika za vifaa vya uchaguzi ndani ya begi? Tena wapelelezi wa polisi, DCI, wenyewe ndio waliotoa taarifa, sio mie. Na Cherera, makamu mwenyekiti wa IEBC, na wenzake watatu walisimama hoteli ya Serena wakasema matokeo yakijumlishwa yanafika asilimia 100.01, na hiyo nukta sifuri moja ni kura laki moja na arobaini na mbili elfu. Hao ni makamishna wa tume, sio watu wa maskani. Mie nawaamini walokuwa ndani ya chumba.

MwalimuNamba:
Mama Zuhura hapo ndipo nilitaka tufike. Shika kikokotoo cha simu. Kura halali zilikuwa kama milioni 14.2. Asilimia moja ya hizo ni 142,000. Asilimia 0.01 ni 1,420. Walikosea mara mia, mbele ya kamera zote za nchi.

Na hata hizo 1,420 hazipo. Chukua 50.49 ya Ruto, 48.85 ya Raila, 0.44 ya Wajackoyah, 0.23 ya Waihiga, wale wagombea wengine wawili, jumlisha, unapata 100.01 kweli. Lakini hizo namba zimeandikwa kwa tarakimu mbili tu baada ya nukta. Gawanya kura zenyewe utaona zote nne zilikuwa chini kidogo zikapandishwa. Ruto alikuwa 50.489 na kitu, Raila 48.849 na kitu. Zikipandishwa zote nne lazima zimwagike kidogo juu ya mia. Mwanangu wa darasa la saba anafanya hii. Lakini kule kwenye grupu ile 100.01 ilizungushiwa duara jekundu na mishale mitatu na ikatembea miezi.

Kisu Butu:
Sasa buda unatuambia makamishna wanne kati ya saba hawajui kugawanya? Au wewe ndiye hujui kwa nini walisema? Na utuambie pia kwa nini vituo vya televisheni vilikuwa vinajumlisha kura moja kwa moja halafu vikaacha ghafla katikati. Nani alipiga simu?

MwalimuNamba:
Wewe ndiye unayesema kuna simu. Fomu 34A, yaani za matokeo ya kila kituo, za vituo 46,000 na zaidi ziliwekwa hadharani kwenye tovuti, yeyote mwenye bando angejumlisha mwenyewe.

Kisu Butu:
Tovuti ya nani?

MwalimuNamba:
Ya IEBC.

Kisu Butu:
Ahsante.

MwalimuNamba:
Lakini msajili wa mahakama alizilinganisha na fomu za karatasi za vituo vilivyolalamikiwa, hakukuta tofauti ya maana!

Kisu Butu:
Msajili wa nani?

Ng'ombe wa Maskini:
😂😂 Mwalimu hapa umeshapigwa, kubali. Huyu ukimletea karatasi atauliza wino ni wa nani. Mimi Mtanzania nipo pembeni na kahawa yangu.

Mlinzi wa Usiku TX:
Nyie hamjaona kitu. Niko Texas. Mwaka 2021 mwezi Novemba walikuja watu hapa Dallas wengi tu, wakasimama pale pale Kennedy alipopigwa risasi wakimsubiri mtoto wake atokee aje kuwa makamu wa Trump. Mtoto mwenyewe alikufa na ndege 1999! Wengine walisafiri siku mbili barabarani. Hawa ndio wale wa Q (QAnon), wanaomfuata mtu asiyejulikana wa mtandaoni, walioanza Oktoba 2017 kwa kuambiwa Hillary Clinton atakamatwa tarehe 30 mwezi huo huo. Hakukamatwa. Wakaambiwa subirini. Biden akaapishwa Januari 2021, wakasema ni igizo, Trump anarudi 4 Machi. Haikuwa. Kila tarehe ikipita wanaongeza imani. Huko Afrika bado mko chekechea, hizi za seva ni cha mtoto.

Kisu Butu:
"Huko Afrika." Umesahau ulipanda ndege wapi? Na Trump mwenyewe karudi 2024, kwa hiyo hao unaowacheka walikosea tarehe tu 😏

Mlinzi wa Usiku TX:
Karudi kwa kura, hakurudi na marehemu. Na mimi natuma hela kila mwezi nyumbani, wewe unatuma skrinshoti.

Mama Zuhura:
Haya sasa mambo ya hela yametoka wapi tena jamani.

Nesi wa Zamu:
Mimi naomba nirudi kwa Dalali maana nimeisoma ile post nikashindwa kulala. PhD ya Hayati ilikuwa kuhusu mafuta ya maganda ya korosho, jinsi ya kuzuia chuma kisiote kutu. Kazi nzuri tu, sina shida nayo. Lakini virusi havioti kutu kaka yangu. Ile Mei 2020 tuliambiwa papai na mbuzi wamekutwa na korona, kwa hiyo vipimo ni feki. Africa CDC, kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa, wakasema vipimo vile vinafanya kazi. Ukileta sampuli ya ajabu maabara ikatoa jibu la ajabu, kuna maelezo mengi, sampuli kuchafuliwa mojawapo. Sisi tukachagua moja tu, kwamba mabeberu wanatuhujumu. Na tangu hapo hesabu ikafungwa, wagonjwa 509, vifo 21, ikaganda hapo mwaka mzima. Sisi tuliokuwa wodini tulijua kama iliganda au haikuganda.

Dalali Mstaafu:
Dada yangu sikuvunjii heshima, ila ninyi wa vipimo mlishindwa kueleza papai liliuguaje. Mpaka leo hamjaeleza. Kutukana korosho siyo jibu. Korosho zinalisha Mtwara nzima.

Nesi wa Zamu:
Nani katukana korosho???

Ng'ombe wa Maskini:
Mimi nilitaka kunyamaza ila hapa kuna jambo Mwalimu amelikwepa tangu juu. Mnawasema watu wa nadharia kama vile wanazaliwa hivyo. Rudini Machi 2021. Rais haonekani tangu 27 Februari. Watu wakauliza yuko wapi, wakaitwa wazushi. Tarehe 12 Waziri Mkuu kasimama akasema yupo, anachapa kazi. Kuna waliokamatwa kwa kuandika mtandaoni kwamba anaumwa. Tarehe 17 usiku Mama Samia anatutangazia msiba. Sasa niambieni, kwenye zile siku tano mwenye data alikuwa nani? Mtu aliyeishi zile siku tano, leo ukimwambia "subiri taarifa rasmi" anakutazama tu. Serikali ikificha jambo moja dogo watu wanajaza wenyewe kumi makubwa, na zile kumi huwezi kuzikanusha tena kwa sababu lile moja ulilikana. Sasa hivi wapo mtaani wanaosema kifo chenyewe hakikuwa cha kawaida, ushahidi hakuna hata chembe, ila jaribu kumbishia uone.

Kisu Butu:
Umesema kweli tupu. Hicho ndicho nilichosema mimi kuhusu seva.

Ng'ombe wa Maskini:
Hapana mkuu wewe usiniingize. Mimi nimesema waliofichwa walikuwa na haki ya kuuliza. Wewe ulishajibiwa ukaambiwa na majaji kwamba zile logi, kumbukumbu za seva zilizopelekwa mahakamani, baadhi ni za 2017 na nyingine ni za kughushi, bado unauliza. Logi za uchaguzi mwingine ndugu! Ni sawa na mtu aende polisi na risiti ya kuku wa mwaka juzi.

Kisu Butu:
Nani alisema zilikuwa za 2017?

Ng'ombe wa Maskini:
Mahakama.

Kisu Butu:
😌

MwalimuNamba:
Ng'ombe wa Maskini hoja yako nzuri ila haijibu swali. Nilisema faida au hasara. Mimi shemeji yangu huyu huyu wa grupu ana kadi ya kura, nimemuuliza 2027 atapiga? Kasema "nipige nimpelekee nani, imeshapangwa." Sasa mwizi wa kura anataka nini zaidi ya mtu kama huyo? Mmoja anayejua hesabu akikaa kituoni na kupiga picha fomu ana faida kuliko—

Dalali Mstaafu:
Mwalimu kabla hujaendelea na shemeji yako, uliitaja Tanzania na papai lake mwenyewe, hakuna aliyekuuliza. Omba radhi kwanza.

Mama Zuhura:
Mie nauliza tu, hivi ni papai peke yake au na fenesi lilipimwa? Maana nilisikia na oili ya gari.

Nesi wa Zamu:
Oili ilipimwa, ikatoka haina. Papai ndilo lilipewa jina la mwanamke na umri kabisa.

Dalali Mstaafu:
Ehe. Kwa hiyo oili ya gari haina korona na papai linayo. Hapo ndipo mnieleze, taratibu, kama mnavyonieleza hizo asilimia.

Nesi wa Zamu:
Naingia zamu saa moja. Nikitoka asubuhi nakuandikia ndefu, na usiniletee habari za korosho.