Semina za lishe shuleni: anafundishwa mkuu wa shule, mwiko anao mpishi

Wakuu, hizi semina za lishe kwa shule za bweni zinatia hasira. Ukumbini wamejaa wakuu wa shule, walimu wa afya na mabwana stoo, wanavuta posho. Mpishi yuko jikoni na moshi machoni, na hakuna atakayemfikishia kilichosemwa.

Chukua maharage tu. Yanamwagwa sufuriani makavu alfajiri, kuni mbichi, kisha magadi yanarushwa ili yaive haraka. Magadi hayo ndiyo yanayoua vitamini B1. Halafu maharage mekundu yana sumu ya asili inayotaka maji yatokote kwelikweli. Yaloweke usiku kucha, maji yale mwaga, weka mapya, yatokote kwa nguvu nusu saa ndipo upunguze moto. Yakifukuta tu kwenye moto hafifu sumu inabaki, na wanafunzi wakianza kutapika masaa mawili matatu baadaye analaumiwa mzabuni. Nyanya isubiri yalainike. Ukiitanguliza maharage yanagoma kuiva, na hapo mkono unarudi kwenye magadi.

Upawa nao! Wanafunzi 600 kwa gramu 60 za maharage makavu ni kilo 36, kama gramu 13 za protini kwa kila mmoja. Hiyo ni kwenye karatasi. Sufuriani maharage yanazama, mpishi anachota juu juu, wa mwanzo kwenye foleni wanakunywa mchuzi na wa mwisho wanapata mlima. Akoroge hadi chini kila baada ya sahani chache. Hilo linafundishwa upawa ukiwa mkononi, projekta haisaidii.

Mchicha unaoshwa ndipo ukatwe, dakika tano hadi saba motoni, mafuta kidogo ili mwili uipate vitamini A, unapakuliwa. Kwetu unakatwa saa 3, unapikwa saa 4, unaliwa saa 7 umeshakuwa mweusi. Chumvi ya madini joto iko wazi kando ya jiko, wakati ilitakiwa ndoo yenye mfuniko, itiwe chakula kikikaribia kuiva.

Na mahindi yenye ukungu? Sumukuvu haiondoki kwa kupika. Mpishi apewe mamlaka ya kukataa gunia, la sivyo mafunzo yote ni kazi bure.

Waandaaji mmo humu, najua. Semina ijayo mpishi yumo kwenye orodha ya posho au hayumo?