Naombeni ushauri: kupanga muda kwenye mbio za magari za kufuata ramani

Wakuu habari za jioni. Nipo Mtwara, tunaandaa mbio ndogo za kufuata maelekezo ya njia, Mikindani hadi Newala. Si kukimbizana: unapewa mwendo wa wastani, atakayeulinda ndiye mshindi.

Kuondoka naelewa. Magari yanapishana dakika moja. La kwanza saa 3:01, la saba saa 3:07. Namba nne akichelewa, wengine wanabaki na dakika zao, hakuna kusogezwa.

Ninapokwama ni adhabu. Katika kanuni za kimataifa za rali, ukichelewa kwenye kituo cha kukagua muda unaongezewa sekunde 10 kwa kila dakika, ukiwahi ni dakika nzima kwa kila dakika. Ila kwenye mbio kama zetu kuwahi na kuchelewa huwa adhabu sawa. Mimi napenda hii ya pili, ingawa wenzangu wanabisha (hao ndio wenye magari ya nguvu, msishangae). Ninyi mngechagua ipi?

La pili, malori ya korosho. Kwa wastani wa kilomita 40 kwa saa, kilomita 10 ni dakika 15 kamili. Ukinasa nyuma ya lori imekula kwako. Nasikia kuna kuomba fidia ya muda kabla ya kufika kituo kinachofuata. Msimamizi anahakikishaje kwamba hudanganyi?

Halafu saa: kila gari lifuate simu yake, au wote tulinganishe na saa moja ya mwandaaji?