Pallet, mbao za jahazi au mabaki ya seremala, ipi bora kwa mapambo ya kizamani?

bint_mwera: Assalam aleikum jamani. Nataka kuupamba ukumbi wangu kizamani, fremu ya kioo kikubwa na rafu ya ukutani yenye vijumba vijumba mfano wa zile zidaka za nyumba za Mji Mkongwe, bibi alikuwa akipanga sahani za kaure mle. Fenicha mpya ya msaji siiwezi, nataka mbao chakavu. Nna pallet nne (zile chaga za mbao za kupangia mizigo) nlopewa bure, kuna mtu anauza mbao za jahazi lilovunjwa, au vipande anavyotupa fundi wa milango. Nichukue zipi?

fundi_saateni: Wa aleikum salaam dada. Pallet tazama muhuri kwanza. HT maana yake imepigwa moto mpaka ndani nyuzi 56 kwa dakika 30, hiyo chukua. Ukiona MB imefukizwa methili bromaidi, hiyo ni sumu, usiingize ndani hata kama bure. Na ilomwagikiwa mafuta au dawa achana nayo.

mjukuu_wa_nahodha: Mie moyo wangu uko kwenye jahazi wallahi. Mbao ishakula jua na chumvi miaka na miaka, kijivu kile hukipati kwa vanishi yoyote, na matundu ya misumari ndo urembo wenyewe. Nlinunua mbili Nungwi nkafanya fremu ya kioo, kila mgeni anaishika. Lakini zilopakwa sifa, yale mafuta ya papa, zinanuka, yangu nliianika juani wiki tatu na bado nkifunga madirisha naisikia. Na misumari ilokatikia ndani ilimvunjia fundi kisu cha randa siku ya kwanza tu nkalipa mie. Pitisha sumaku kabla, na uso usiurande, piga brashi ya waya basi.

wete_kwetu: Kwa rafu mie nasema mabaki ya seremala. Huku Pemba nachukua vipande vya mvule na mfenesi, ni vifupi ndio, lakini vijumba vinataka mbao ndefu za nini? Mfenesi mpya ni manjano halafu wenyewe unageuka kahawia kadiri siku zinavyokwenda, huna haja ya kuupaka uzee. Vumbi la mvule linawasha koo na ngozi, vaa barakoa.

bint_mwera: Na hizi pallet zangu nazipaje uzee?

fundi_saateni: Loweka stiliwulu ya kusugulia masufuria ndani ya siki usiku kucha, chupa usiikaze kifuniko maana inatoa gesi. Pallet ikiwa ya paini haina tanini nyingi, ile inayoifanya mbao igeuke rangi kwa siki hiyo, kwa hiyo ipake kwanza chai ya rangi nzito, ikikauka ndo upake ile siki, itageuka kijivu unaiona. Jaribu kwenye kipande kwanza.

mtoto_wa_malindi: Nami naomba moja. Mtu akikuletea ubao wa mlango wa kuchonga usinunue ukaukate. Mji Mkongwe umo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2000 na mlango ule ukishatoka haurudi. Nlikuta kizingiti cha maua kimekatwa kufanywa stuli, nliumia sana.

bint_mwera: Siukati inshallah. Basi fremu jahazi, rafu mvule, pallet nifanye vibao vya kuwekea vyungu vya maua. Kaka wa Nungwi, mbao yako unene gani? Kioo changu futi nne.

mjukuu_wa_nahodha: Inchi moja na nusu. Chimba mfereji nyuma kioo kikae humo, na ukutani tumia bolti, misumari haitoubeba uzito ule.