Baharia akiugua melini, nani athibitishe kwamba ni kazi iliyomuumiza?

Juzi barazani, hapa Mombasa, mzee mmoja ninayemheshimu sana alisema: "Mabaharia wa siku hizi wanapanda meli na presha zao za nyumbani, wakishuka wanadai dola." Watu wakaitikia. Mzee wangu kasafiri kabla yangu, lakini kwa hili nampinga, na naleta hoja hapa ili na wengine waseme.

Nimekaa chumba cha mashine miaka tisa, mwisho nikiwa oila, yaani msaidizi wa kutia mafuta na kuangalia mashine. Kabini ya mbele yangu alilala fita mmoja, yaani fundi wa vyuma, Mfilipino. Kila siku kabla ya kuteremka kazini alimeza kidonge cha presha, na kidonge chenyewe alikitia kwenye kopo la vitamini ili asiulizwe. Alikuwa akiogopa cheti cha afya. Daktari akishaandika kwamba hufai kwenda baharini, mkataba mwingine hupati na ada za watoto zinakwama. Kule chini joto linapita digrii 40, usingizi wa vipande vipande, kelele mpaka unaota nazo. Siku moja tukamkuta kando ya mashine ya kusafishia mafuta, mdomo umekwenda upande, spana bado iko mkononi. Mkono wa pili ulikuwa umeshalala.

Wafilipino wanao mkataba wa lazima uliowekwa na serikali yao, na kwa maandishi ni mzuri kuliko mingi. Ugonjwa ambao haumo kwenye orodha yake ya magonjwa ya kazi huhesabiwa kuwa umetokana na kazi mpaka ipingwe kwa ushahidi. Ulemavu wa daraja la kwanza, ule mkubwa kabisa, hulipwa dola 60,000. Mshahara wa ugonjwa huendelea hadi siku 120, na mahakama yao ya juu mwaka 2008 ilikubali muda wa matibabu na uamuzi ufike siku 240 pale hali inapodai.

Basi tazama milango ilivyo. Ukirudi nyumbani una siku tatu za kazi kujipeleka kwa daktari aliyeteuliwa na kampuni. Kama hujiwezi, upeleke barua ndani ya siku hizo hizo. Ukichelewa, haki imeanguka. Daktari wako akipingana na wa kampuni, mnatakiwa kukubaliana juu ya daktari wa tatu, na usipomdai wewe, neno la kampuni ndilo linalosimama. Na ukionekana ulificha ugonjwa kabla ya safari, hupati kitu.

Hapo ndipo roho inaponiuma. Yule fita rafiki yangu alipimwa na kliniki ya kampuni, akaandikiwa mzima, akapanda. Aliporudi kapooza, wakasema alificha. Kliniki ilipohitajika kuipa meli mtu wa kufanya kazi haikuona presha, ilipokuja zamu ya kulipa ikaonekana! Na kilichomfanya afiche ni utaratibu ule ule wa kumwacha nje mgonjwa.

Upande wa pili nao una neno. Kampuni zimelalamika kwamba zinalipa hukumu ya mwanzo, kisha zinashinda rufaa na pesa hazirudi tena. Wako pia mawakili wa kuwinda wagonjwa bandarini, hadi Ufilipino ikapitisha sheria mwaka 2015 kuzuia ada yao isizidi asilimia 10. Hayo nayakubali. Lakini Septemba 2024 sheria yao mpya ya mabaharia ikaleta dhamana: ukitaka kulipwa sehemu inayobishaniwa wakati rufaa inaendelea, uweke dhamana kwanza. Mtu nusu ya mwili imekufa, mshahara umekatika miezi minane, dhamana ataitoa wapi? Mwenye meli ana bima. Hatari ya pesa kutorudi aibebe yeye.

Sisi je? Kenya iliridhia mkataba wa kimataifa, ule Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, mwaka 2014, Tanzania mwaka 2019. Mkataba huo unairuhusu nchi kumwekea mwenye meli kikomo cha matibabu na mshahara wa mgonjwa, mradi kisishuke chini ya wiki 16. Kiharusi hakijui wiki 16. Nao pia unaruhusu kumnyima aliyeficha maradhi kwa makusudi.

Msimamo wangu ni huu: kliniki ikishampitisha mtu kuwa mzima, mwenye meli ndiye athibitishe kwamba ugonjwa hautokani na kazi. Na daktari wa kuamua asiwe anayelipwa na upande mmoja.

Mzee wangu nitamsikiliza akinijibu. Na wewe uliyesaini mkataba mwaka huu, fungua ukurasa wa maradhi utuambie: umeandikiwa wiki ngapi, na daktari ni wa nani?