Tumeacha habari za tv ama habari ndio zilituacha?

Wadau, kuna ndugu wa Nakuru amesema hapa ati tv zinajaza vichekesho na filamu za mapenzi za Mexico juu Mkenya hataki habari, anataka kucheka alale, na ati vichekesho ndio vinaleta pesa. Hiyo ya Mkenya hataki habari mimi nakataa kabisa.

Jioni nakula kwa hoteli moja hapa Kondele, Kisumu, tv iko juu ya friji ya soda na rimoti anashika mama mwenye hoteli. Saa tatu ikifika watu wananyamaza kweli, mkono unasimama kwa ugali. Stori ya kwanza mwanasiasa ako kwa mazishi, ya pili mwingine anamjibu huyo wa mazishi, ya tatu watu wanne wamekaa studio wanaeleza venye huyu alimjibu yule, na hapo ndio mtu wa boda anasema "mathe weka mpira". Huyo amechoka kuskiza watu wakijibizana, habari yenyewe bado hajapewa.

Tarehe 25 Juni 2025 Mamlaka ya Mawasiliano ilikataza tv kuonyesha maandamano laivu, NTV na KTN zikazimwa mpaka Mahakama Kuu ikasimamisha hiyo amri. Siku hiyo pale hotelini hakuna mtu aliitisha vichekesho, tulirundikana kwa simu ya kijana mmoja aliyekuwa na bando, ameiegemeza kwa chupa ya soda, chakula kikapoa. Na 30 Januari 2018 Raila Odinga wa upinzani akijiapisha "rais wa wananchi" Uhuru Park, Nairobi, Citizen, NTV na KTN zilizimwa, korti ikasema zirudishwe na bado zikakaa siku kadhaa bila kurudi. Mbona wazime kitu hakuna mtu anatazama?

Kwa pesa nakubaliana na ndugu. Machi 2024 serikali iliagiza matangazo yake ya kulipia ya tv na redio yaende KBC, kituo chake yenyewe, na kituo kikikosa hiyo hela lazima kitafute kitu cha kuleta wadhamini haraka, na kichekesho ni rahisi kuliko kutuma ripota na kamera Nyakach wiki nzima.

Lakini upendeleo wenye unaniuma ni huu: taya moja ikichomwa Kondele, gari la kurusha laivu limeshafika. Mto Nyando ukivunja kingo watu wahamie shule na magodoro, ama gugumaji lifunge ziwa wavuvi wa Dunga washindwe kutoka, tunapewa dakika moja kabla ya michezo. Mtu akitujua kwa tv peke yake atadhani kazi yetu ni kurusha mawe.

Mvua ya mwisho kubwa nilikuwa pale pale, habari za saa tatu zinaendelea na siasa ya Nairobi. Mama akazima sauti ya tv, akafungua redio ya Kijaluo, juu dadake anakaa Ahero na alitaka kujua maji yamefika wapi.